Fundi Amekimbia

Kwa kukata, hakuna aliyemshinda Chapu. Ukimletea kitambaa saa tatu asubuhi, saa tatu na robo kishakatwa, na hapo ndo umenasa, maana kitambaa kilichokatwa hakina pa kwenda. Fundi gani atakubali kufuata mkasi wa mwenzake? Mji mzima ulikuwa unaijua janja hiyo na bado watu walimpelekea, kwa sababu gauni la Chapu likikaa mwilini, limekaa. Shida ni kulipata. Chumba chake, kile chenye mlango wa bluu ubavuni mwa saluni, kilijaa nguo zilizobakiza kitu kimoja kimoja: blauzi bila vifungo, suruali bila zipu, koti la mkono mmoja likining'inia ukutani kama mtu aliyerudi vitani. Kazi za mwisho mwisho zilikuwa zinamchosha roho. Akifika kwenye pindo tu, anakumbuka ana kiu, ana simu ya kupiga, ana mtu wa kugombana naye.

Na kwa kugombana alikuwa fundi kuliko kwa kushona. Miaka ishirini na sita, mwembamba kama uzi, hasira ziko puani. Ukimuuliza nguo yako, anayekasirika ni yeye. "We dada, unataka nguo au unataka tambara? Njoo Jumatano!" Jumatano gani, hasemi.

Sasa mtu wa namna hiyo akapenda. Akampenda binti wa duka la dawa, na binti naye akampenda, sijui alimwona wapi akiwa kanyamaza. Lakini binti alikuwa na baba. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa udereva, kastaafu, kafundisha nusu ya mji kuendesha gari na kaifelisha nusu nyingine. Watu walimwita Mzee Breki. Chapu akajipeleka mwenyewe jioni moja, akaamkia, akakaa kwenye ncha ya kochi kama anayesubiri kuchomwa sindano.

"Unamtaka binti yangu," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Nitajie kitu kimoja ulichowahi kumaliza."

Chapu akafungua mdomo. Akafikiria shule: aliacha wiki mbili kabla ya mtihani. Akafikiria nyumba ya mama yake aliyoipaka rangi: kuta tatu. Akaufunga mdomo.

"Mimi mwanafunzi akiniendesha mji mzima bila kosa, halafu akashindwa kuegesha, nilikuwa namfelisha," mzee akasema. "Hata kama ni mtoto wa dada yangu. Muulize, hadi leo anatembea kwa miguu. Nenda salama, kijana."

Mwingine angeinamisha kichwa akatoka. Chapu damu ikampanda. Dirishani, ng'ambo ya barabara, palikuwa na tangazo la mbio za mji, mtu kachorwa anakata upepo. Akalinyooshea kidole.

"Nitamaliza ile!"

Mzee akavaa miwani, akasogea dirishani, akasoma taratibu. "Nu-su ma-ra-tho-ni." Akageuka. "Yaani hata hapo umechagua nusu?"

Jikoni binti akacheka mpaka sufuria ikaanguka.

"Nusu ikimalizwa ni nzima, mzee!"

"Kilomita ishirini na moja hizo."

Chapu alidhani ni tano. Lakini neno lishatoka, na neno si kitambaa, huwezi kulikunja ukalirudisha kwenye mfuko. "Hata zingekuwa arobaini," akasema.

"Hiyo ndo nzima," binti akasema kule jikoni.

Mzee Breki akavua miwani. "Basi siku hiyo nitakaa kwenye mstari wa mwisho na kiti changu. Ukiuvuka kwa miguu yako, wazee wako waje tuzungumze. Usipouvuka, hata mtaa huu usipite. Zunguka nyuma ya soko."

Alikuwa na wiki tatu za kujiandaa. Akajiandaa asubuhi mbili. Ya tatu akagombana na mbwa. Akasema haidhuru, mtu anayekanyaga cherehani kutwa kucha ana haja gani ya mazoezi, si ni mbio za kukaa hizo? Akajishonea bukta ya kukimbilia, nyekundu, mshono wa kiume, na jioni ya mwisho ilikuwa imebaki kutiwa mpira wa kiunoni tu. Akatia pini.

Siku ikafika. Kipenga kilipolia, Chapu alichomoka na wale wembamba wa mbele, wale ambao kukimbia ndo kazi yao, akaenda nao mita mia tatu hivi akiwaangalia usoni kwa dharau. Halafu wao wakaendelea na yeye akabaki anatafuta hewa kama samaki kwenye beseni. Akapitwa na vijana. Akapitwa na mama mmoja mnene aliyekuwa anaongea na simu. Akapitwa na mtu aliyevaa viatu vya ofisini.

Kukimbia mji wa ugenini ni kitu chepesi, we ni jasho tu linapita. Kwenu ni balaa. Kila mtaa una macho yanayokujua, na kwa Chapu kila mtaa ulikuwa na mtu asiye na nguo yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Basi hawakuipima. Ya Chapu ilikuwa kilomita ishirini na moja, kila moja na kibao chake.

Kwenye kibao cha tano palikuwa na meza ya maji, na nyuma ya meza kasimama mwuguzi wa hospitali ya mji. Akamwona. Akainua kikombe, akakinyoosha, na Chapu alipofika na ulimi nje, mwuguzi akakirudisha nyuma.

"Sare yangu iko wapi?"

"Dada, maji…"

"Nimekuuliza sare. Miezi mitatu naingia wodini na sare ya mwenzangu, wagonjwa wananiita jina lake!"

"Imebaki kola tu! Jumatano!"

"Jumatano gani?"

"Hiyo inayokuja, jamani, nife kiu kwa ajili ya kola?"

Akapewa nusu kikombe. "Ukileta nguo nzima, utapata maji mazima," mwuguzi akasema.

Kwenye kibao cha tisa, askari wa barabarani alikuwa amesimamisha magari ili wakimbiaji wapite. Alipomwona Chapu akayaruhusu magari, akamsimamisha Chapu. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, uso wa kazi.

"Afande, niko mbioni!"

"Naona. Na suruali yangu iko mbioni?"

"Zipu tu, afande! Zipu tu!"

"Zipu tu? Suruali bila zipu mimi nisimame nayo barabarani?" Akakaa kidogo, akaangalia magari yanavyopita kwa raha zao, la pili, la tatu, trekta. Ndipo akapiga filimbi. "Pita. Ukirudi kwangu bila suruali, utaiona sheria."

Kwenye kibao cha kumi na mbili akapita mbele ya chumba chake mwenyewe. Na hapo, bila ubaya wowote, ndo balaa lilipoanzia. Msusi wa saluni ya jirani, anayemdai blauzi mbili lakini mwenye moyo safi, alitoka mlangoni na kitana mkononi, akaruka juu kwa furaha: "Fundi anakimbia! Jamani njooni, fundi anakimbia!"

Ndani ya saluni walikuwepo wanawake wanne wamefunikwa mashine za kukausha nywele, masikio yamejaa upepo. Wakasikia wanachoogopa. Simu zikatoka. Wa kwanza aliandika kama alivyosikia: fundi anakimbia, wahini. Aliyepokea akaona imechelewa kidogo, akaandika: fundi amekimbia. Wa tatu akaongeza, na vitambaa vya watu. Neno lilipofika kwa wa tano, Chapu alikuwa ameshavuka mpaka wa nchi.

Mwenyewe hajui. Yeye alikuwa anapambana na pini. Kwenye kibao cha kumi na tatu ilifunguka, ikamchoma ubavuni, na kuanzia hapo akawa anakimbia mkono mmoja umeshika bukta. Kwenye kibao cha kumi na nne, uzioni mwa shule, mwalimu mkuu alikuwa amejipanga na wanafunzi wanashangilia. Alipomwona Chapu, akaweka mkono wa kushoto mgongoni na kumpungia wa kulia peke yake, taratibu, uso haucheki. Ndiye mwenye koti.

"Nimeelewa, mwalimu!" Chapu akapiga kelele. "Nimeelewa!"

Hapo nyuma kengele ya baiskeli ikalia kama nyumba inaungua.

"Mwizi! Simama hapohapo!"

Chapu akageuka. Shangazi wa bibi harusi mmoja, mteja wake. Mwanamke wa miraba minne, muuza mikate, anakuja juu ya baiskeli yake ya kazi, keria pana nyuma. Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo, na gauni lilikuwa chumbani kwa Chapu, mgongo wazi kama mlango wa duka.

"Shangazi, sikimbii!"

"Hukimbii? Miguu hiyo inafanya nini?"

"Nakimbia, lakini sikimbii! Ni mbio!"

"Mbio za kwenda wapi na gauni la mtoto wangu?"

"Gauni liko ndani! Angalia mikono yangu! Nina nini mimi? Nina bukta, na yenyewe inataka kuniacha!"

Shangazi akamtazama vizuri. Akaiona namba kifuani. Akaona na wengine wenye namba, wachache, wanajikokota mbele. Akapunguza mwendo, akawa sambamba naye. "Mbona watu wanasema umekimbia? Kwako kumejaa. Msusi kasimama mlangoni na kitana anawazuia, wanataka kuvunja."

Chapu alitaka kujibu kwa hasira. Akagundua hana hasira, pumzi imezimaliza. Kitu hicho hakijawahi kumtokea tangu azaliwe, na kilimtisha.

Kibao cha kumi na saba kilikuwa mbele ya duka la dawa. Binti alikuwa zamu. Alitoka mbio na koti lake jeupe, chupa ya maji mkononi, uso umempauka.

"Baba kaondoka," akasema.

"Kaondoka wapi?"

"Mstari wa mwisho! Kakaa pale tangu alfajiri, kapigiwa simu na jirani kaambiwa fundi amekimbia mji. Kanipigia mimi, kasema, 'Nilikwambia, huyo hawezi kuegesha.' Kakunja kiti, kazima simu, karudi nyumbani."

Chapu akasimama. Miguu ilipoona kumesimamwa, ikataka kulala kabisa. Nyumba ya Mzee Breki ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale, kulia, halafu kushoto. Mstari wa mwisho ulikuwa kilomita nne mbele.

"Naenda kwake," akasema. "Anione. Dakika tano nimefika."

"Ukikata kona hapa, utafika kwa baba ukiwa hujamaliza," binti akasema.

"Na nikimaliza nani atajua? Si kaondoka?"

"Utajua wewe." Akamwekea chupa mkononi, na akachomoa pini kwenye koti lake jeupe, ile ya kushikia kitambulisho, akamfunga bukta vizuri pale barabarani mbele ya wateja wa dawa. "Na mimi nitajua. Mimi siolewi na kuta tatu."

Chapu akaangalia kulia. Kwa kweli aliangalia muda mrefu. Shangazi juu ya baiskeli alikuwa kasikia yote, na akili yake ya biashara ikapiga hesabu ya haraka: kijana huyu akikataliwa ukweni leo, atajifungia ndani wiki nzima akilia, na gauni litakwenda kanisani mgongo wazi.

"We shetani!" akapiga kengele. "Unangoja nini? Kimbia! Mbele!"

"Shangazi, miguu…"

"Miguu si yako tena, ni ya mwanangu mpaka Jumamosi! Kimbia!"

Akakimbia. Kama kule ni kukimbia. Kibao cha kumi na nane alikuwa analia kidogo, akasema ni jasho. Kibao cha kumi na tisa wakatokea wateja watatu wamekuja kumkamata. Shangazi akawaeleza, wakaona bora waende naye sambamba, wasimpoteze machoni, ukweli au uongo utajulikana mbele ya safari. Kibao cha ishirini alikuwa na wasindikizaji saba na hakuna hata mmoja aliyekuwa anampenda. "Inua goti, mwongo we!" mmoja alimwambia. Na goti likainuka.

Kwenye mstari wa mwisho walikuwa wanang'oa vizuizi. Spika zimezimwa. Mtu wa medali alikuwa anakula chungwa juu ya boksi. Akamwona mtu mwenye bukta nyekundu anakuja na kundi la watu nyuma yake, akadhani ni fujo, akasimama. Chapu akavuka mstari. Hakusimama.

"Mwanariadha! Umefika! Simama!"

"Bado!" Chapu akajibu.

Mtu wa medali kafanya kazi hiyo miaka mingi, hajawahi kuona mtu amepitiliza. Ikabidi amkimbize na kumrushia medali shingoni akiwa anaenda.

Kutoka pale hadi kwa Mzee Breki, nani anajua ni kilomita ngapi, hapakuwa na vibao. Walipofika, mzee alikuwa kibarazani, juu ya ngazi tatu za saruji, kakaa kwenye kile kiti chake cha kukunja. Chapu akajishika kwenye nguzo ya geti.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Breki hakuitikia. "Nimeambiwa umekimbia."

"Nimekimbia, mzee."

"Umekimbia, au umekimbia?"

"Nimekimbia! Yote! Mpaka mstari!"

"Mimi sikukuona kwenye mstari."

"Sisi tumemwona," shangazi akasema, baiskeli mkononi. "Na sisi, mzee, hatumpendi. Ungetaka shahidi wa uongo usingetuita sisi."

"Mmemwona kuanzia wapi?"

Shangazi akakwama. "Kumi na nne."

"Kumi na tatu za kwanza je? Mtu anaweza kutokea uchochoroni kwenye kumi na nne, safi kabisa." Mzee akainamia mbele, akawa mwalimu wa mtihani tena, miaka kumi ikamtoka usoni. "Kijana. Kibao cha tano kina nini?"

Chapu akafumba macho. Akajua kinachokuja. Kila jibu la kweli lilikuwa aibu yake mwenyewe, mbele ya mkwe na mbele ya watu. Angeweza kusema meza ya maji tu. Lakini meza za maji zilikuwa kila mahali.

"Mwuguzi wa hospitali," akasema. "Sare yake. Imebaki kola."

"Cha tisa?"

"Askari wa barabarani. Suruali. Zipu."

"Tangu lini?"

"Tangu… mzee, tangu mvua zile."

"Kumi na mbili?"

"Msusi. Blauzi mbili. Vifungo kumi na sita."

"Kumi na nne?"

"Mwalimu mkuu. Koti la mkono mmoja." Sauti ilikuwa inakwisha. "Shangazi hapa, gauni la harusi, mgongo. Yule pale pindo. Yule pale pindo. Yule dada… dada, wewe nina nini chako?"

"Sketi," dada akasema. "Umeisahau kabisa!"

"Sketi yake nimeisahau kabisa," Chapu akamwambia mzee.

Mzee Breki akawatazama wale watu mmoja mmoja, nyuso zao, hasira zao za kweli tupu. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni. Akauzuia. Ukamshinda. Akacheka mpaka kiti cha kukunja kikajikunja naye juu yake, wakakimbilia kumwinua.

"Hakuna mtu anayeweza kubuni aibu kama hiyo," akasema akifuta macho. "Umepita njia yote. Na umeegesha." Akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya rasmi ili wote wasikie: "Amefaulu. Wazee wake waje. Panda, mwanangu, uingie ndani ukae."

Chapu akaangalia zile ngazi tatu. Akainua mguu. Mguu ukakataa. Akainua wa pili, huo haukujibu hata salamu. Akateleza kwenye nguzo taratibu mpaka chini, akakaa, medali juu ya tumbo.

"Mzee," shangazi akasema kwa adabu kubwa, "umemalizana naye?"

"Kwa leo, ndiyo."

"Asante." Akawapa wenzake ishara. Wakamshika, wawili mabegani, wawili miguuni, wakampandisha juu ya keria ya mikate na kumfunga kwa kamba ya mpira.

Binti alikuwa kaomba ruhusa kazini, anakuja mbio kwenye kona, akakutana na msafara. Mbele shangazi anasukuma baiskeli, nyuma watu saba, juu ya keria mchumba wake kalala kifudifudi, viatu vinaburuza.

"Baba kasema nini?" akauliza.

Chapu akainua kichwa kidogo. "Kakuba…"

"Atakueleza Jumapili," shangazi akasema, akapiga kengele watu wapishe njia. "Sasa hivi tunaenda kumalizia mgongo. Nani ana nguvu za kukanyaga cherehani?"

Dada wa sketi akanyoosha mkono.